Nilinunua pepa ya moko kwa pesa ya tuisheni, mama hajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 18, nasoma kidato cha nne shule ya kutwa hapa Tanga. Jambo hili nalala nalo wiki ya tatu sasa na nyumbani hakuna anayelijua.

Mama anauza vitumbua. Jioni analoweka mchele, saa kumi alfajiri yuko jikoni, saa kumi na mbili mimi na mdogo wangu tunambebea ndoo mpaka kituoni ndipo tunakwenda shule. Mwezi wa saba alinipa shilingi 40,000 nikalipie tuisheni ya Hesabu na Kiingereza, maana hayo masomo mawili yananipiga chenga tangu kidato cha pili. Alizitoa kwenye kibubu. Nilimwona akizihesabu kitandani, nyingine zilikuwa sarafu.

Wiki hiyohiyo mwenzangu darasani akaniingiza kwenye kundi moja la simu. Mle walikuwa wanatangaza kwamba mzigo wa moko, yaani ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, umeingia, masomo yote saba kwa 40,000. Shangazi, nilitazama ile namba nikaona kama imeandikwa kwa ajili yangu. Nikatuma.

Picha zikaja usiku. Kichwa cha kila karatasi kilikuwa kimekatwa, na mimi nikadhani wamekata kwa usalama. Nikakariri siku tisa mfululizo, miguu kwenye beseni la maji nisisinzie, mpaka saa nane usiku. Mama alikuwa anaamka kuniletea chai. Akasema, "Pole baba, Mungu atakulipa."

Siku ya Hesabu nafungua karatasi, nakuta swali la watu watatu wanagawana pesa kwa uwiano. Moyo ukaruka. Kwenye pepa yangu lilikuwepo! Sikusoma hata mstari wa pili, nikamwaga jibu nililokariri: 200,000, 300,000 na 500,000. Kumbe pepa yangu ilikuwa ya shilingi 1,000,000 kwa uwiano wa 2:3:5, na moko yetu ilikuwa ya 1,200,000 kwa uwiano wa 3:4:5. Karatasi iliporudi, mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na hizi laki mbili zilizobaki umekula wewe?" Jirani yangu wa dawati akanipokonya akaisoma kwa sauti. Tangu siku hiyo wananiita Laki Mbili.

Baadaye tukagundua ile pepa ni moko ya mkoa mwingine ya miaka miwili nyuma. Namba ya muuzaji haipatikani.

Matokeo yangu ni Divisheni Foo ya 28, yaani daraja la nne, pointi 28. Kiswahili na Uraia nina C. Historia 43, Jiografia 41, Baiolojia 38, hizo zote D. Kiingereza 27 na Hesabu 14, F. Karatasi zote nimezificha chini ya godoro, nikipata nafasi nitazichoma. Mama akiniuliza tuisheni inaendaje namjibu inakwenda vizuri.

Mtihani wa taifa bado wiki kumi. Nimwambie mama au ninyamaze? Kuna maana ya kuendelea, au nijitoe nije nifanye mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea? Na lingine, lile kundi limeanza tena, wanasema safari hii wana mzigo wa Necta wenyewe, yaani mtihani wa taifa. Mwenzangu anasema tuchange. Nasema kweli Shangazi, nilitamani.

Laki Mbili, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Hilo neno la mwisho, "nilitamani", ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Tutalifikia. Tuanze na zile karatasi: usichome.

Nimefundisha Hesabu na Jiografia miaka 31, nyingi kati ya hiyo katika shule za bweni, na kila mwaka wiki ya matokeo ya moko moshi ulikuwa unafuka nyuma ya mabweni. Wanachoma. Nilikuwa nikiwaambia, na wewe nakuambia: kitabu cha kiada kimeandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi nzima, madesa unayoazima ni ya aliyeyaandika, ila karatasi iliyosahihishwa ina habari zako wewe tu. Hakuna mwalimu wa tuisheni, hata wa 40,000, atakayekueleza ulivyo kwa undani kama hiyo uliyoilalia.

Hebu tuitazame hiyo ya laki mbili. Wewe unaona aibu, mimi naona kitu kingine: hakuna anayejua kama unajua uwiano au hujui. Mwalimu wako hajui, wewe mwenyewe hujui, kwa sababu lile swali hukulifanya. Ulifanya swali la mtoto wa mkoa mwingine, wa miaka miwili iliyopita. Lifanye sasa hivi, hapohapo ulipo. 3 na 4 na 5 ni 12. Gawa 1,200,000 kwa 12, fungu moja ni 100,000. Kwa hiyo 300,000, 400,000 na 500,000. Jumlisha: 1,200,000, imerudi yote. Umeona ilivyo fupi? Na huko kujumlisha kwa mwisho, sekunde kumi tu, ndiko kungekuambia kuwa laki mbili hazionekani kabla mwalimu hajakuuliza umezipeleka wapi.

Halafu kuhusu huyo mwalimu. Mwalimu aliyemkatia mtoto tamaa huandika 0 na kufunua ukurasa. Huyu alisimama, akajumlisha majibu yako, akaona upungufu, akakutania. Mpelekee hiyo karatasi. Huna haja ya kumsimulia habari za kundi siku ya kwanza, mwambie tu, "Mwalimu, nataka kufanya upya swali hili na yale niliyokosa, nionyeshe nianzie wapi." Sijawahi kumwona mwalimu anayefukuza mtoto aliyekuja na karatasi yake mwenyewe mkononi.

Tafuta daftari dogo, lile la kurasa 48 linatosha. Chukua somo moja baada ya jingine, na kila ulipopoteza alama andika ilipotea kwa nini. Sharti langu ni moja, neno "uzembe" lisionekane humo, wala "sikusoma vizuri". Niliwahi kuwa na binti mmoja, mpole kweli, aliyeniletea daftari kama hilo ameandika "uzembe" mara kumi na saba. Nikamwambia futa zote, rudi kwenye swali, uniambie mkono wako ulifanya nini. Akarudi kesho yake macho yamemtoka. Kati ya kumi na saba, kumi na moja zilikuwa jambo moja: akifungua mabano yenye alama ya kutoa mbele, anageuza alama ya namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Miaka miwili alikuwa anajiita mzembe, kumbe alikuwa na ugonjwa mmoja mdogo wenye jina. Tuliutibu kwa siku nne. Uzembe ungetibiwa na nani?

Kwenye Historia na Jiografia utakuta ya aina nyingine. Kuna swali linataka utaje, kuna linalotaka ueleze, na nimesahihisha moko nyingi za watoto walioulizwa waeleze wakaorodhesha maneno matano na kuweka nukta. Wanajua, ila hawakujibu walichoulizwa. Mtihani wenyewe uko kwa Kiingereza, kwa hiyo kwako, mwenye 27 ya Kiingereza, nahisi alama nyingi za Jiografia zimezama hapo. Andika ukurasa mmoja wa yale maneno ya mwanzo wa swali, yale ya kuamuru, na mbele ya kila neno andika kwa Kiswahili linakutaka ufanye nini. Hayafiki ishirini.

Kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakijui, na hakiuzwi. Baraza la Mitihani, hao Necta wenyewe, huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na taarifa yake, na ziko kwenye tovuti yao bure kabisa. Zinapita swali kwa swali, zinasema watahiniwa waliangukia wapi na kwa sababu gani, na humo wameweka picha za majibu ya kweli, mwandiko wa mwanafunzi mwenyewe, lililo zuri na lililoharibika. Mada zilizofanywa vibaya zimepakwa rangi nyekundu, za wastani njano, nzuri kijani. Pakua ya Hesabu na ya Jiografia za miaka miwili mitatu ya karibuni, au umwombe mwalimu wa taaluma. Ziba maelezo kwa kiganja, tazama lile jibu bovu, utafute mwenyewe limeharibikia mstari gani, ndipo ufunue. Ulilipa 40,000 kununua majibu, na Baraza linakupa bure makosa ya wenzako, ambayo yana faida kubwa zaidi.

Sasa hesabu ya Divisheni, maana unazungumzia kujitoa kama mtu aliye chini ya kisima. Masomo yako saba yana pointi 28, na pointi zikiwa chache ndiyo nafuu: C mbili ni 6, D tatu ni 12, F mbili ni 10. C inaanzia alama 45. Historia una 43, zimepungua mbili. Jiografia 41, zimepungua nne. D inaanzia 30, na Kiingereza una 27, zimepungua tatu. Jumla ni alama tisa, mwanangu. Ukizipata hizo tisa mahali pake, pointi zinashuka mpaka 25, na 25 ni Divisheni Tatu, yenye C nne mkononi. Kiswahili, Historia na Jiografia zote zikiwa C, hata HGK, ule mchepuo wa masomo hayo matatu kidato cha tano, unaweza kuifikiria. Nakuonyesha tu umbali wa safari, usije ukadhani alama zinaokotwa njiani. Tena kumbuka hiyo 28 uliipata ukiwa umekariri mtihani usiokuwa wako. Mtoto aliyesoma siku tisa vitu visivyomhusu, bado akatoka na C mbili, kuna kitu kichwani mwake.

Kujitoa, hapana. Umeshasajiliwa, fanya. Mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea upo, wengi wamepita humo na hauna aibu yoyote, ila ni mlango wa kugonga baada ya matokeo.

Hesabu 14 ndiyo inayokutisha, nami sitakudanganya kuwa utapata B. Lakini kutoka 14 hadi 30 ni alama 16, na ile karatasi ina maswali kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, kisha manne ya sehemu B yenye alama 10. Maswali matatu kamili ya sehemu A ni alama 18. Chagua mada tatu, nne ukiweza, uzijue kama unavyojua njia ya kituoni: uwiano na faida na hasara, seti, takwimu, na ile ya hesabu za biashara ambayo mtoto wa mfanyabiashara kama wewe hupaswi kuiacha. Mama yako anafanya mizania kila jioni bila kalamu. Na muda ni saa tatu. Toa dakika kumi kwa kila swali la sehemu A, kumi na saba kwa kila la B, utabakiwa na dakika kumi na mbili za kurudia. Swali likikukatalia dakika kumi zikaisha, liache, nenda mbele.

Beseni la maji rudisha bafuni. Kukesha na miguu majini kunakufanya uone kuwa umesoma, kwa sababu umeteseka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio lao: kundi moja la wanafunzi walisoma habari fupi mara nne, kundi jingine walisoma mara moja tu kisha wakaandika mara tatu wanachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, walioandika bila kutazama walikumbuka asilimia 61 na wale wengine 40. Mtihani wako uko wiki kumi mbele, hauko dakika tano mbele. Kwa hiyo soma ukurasa, funga daftari, andika ulichobakiza, fungua uone ulichoacha. Kinauma zaidi kuliko kusomasoma, najua. Saa tano usiku uwe umelala, maana saa kumi na mbili ndoo ya mama inakusubiri.

Sasa lile la "nilitamani".

Mimi nashukuru kwamba pepa yako ilikuwa feki. Utaniona katili, ila fikiri: ingekuwa ya kweli, leo ungekuwa na Divisheni nzuri ya moko, usingeniandikia, mama angekuwa anakusifu kwa majirani, na mwezi wa kumi na moja ungeingia chumba cha mtihani ukiwa mtupu ukitegemea simu. Huo mzigo wa Necta mnaoambiwa mchange, au ni wa uongo kama ule wa kwanza, na hao watu huwa hawachoki wala hawaishiwi namba mpya, au ni wa kweli, na hapo mmeingia kwenye jinai. Kila mwaka matokeo yakitangazwa kuna waliofutiwa kwa udanganyifu. Aliyefutiwa matokeo anatamani angekuwa na Foo ya 28 kama yako, maana wewe una pa kuanzia. Toka kwenye lile kundi leo. Mwenzako mwambie kwa maneno machache tu, "Mimi simo," usimhubirie. Pesa iliyokwenda imekwenda, usiifukuze.

Imebaki ya mama, na hapa sina maneno mengi. Mwambie. Usimwambie alfajiri akiwa na mafuta ya moto, wala mbele ya mdogo wako. Subiri jioni akishaloweka mchele, akiwa amekaa. Anza na kiasi chenyewe: "Mama, ile 40,000 sikulipa tuisheni." Ukianza na maelezo marefu atakuwa ameshakufa kwa hofu kabla hujafika kwenye jambo. Kisha mwambie ulinunua nini, na kwamba ulitapeliwa. Zile chai alizokuletea usiku zitaje na wewe, usingoje azikumbuke mwenyewe saa sita usiku akiwa peke yake. Ataumia. Huenda akanyamaza siku mbili, huenda akasema neno zito, umpokee. Usimwahidi Divisheni Wani ili akusamehe haraka, hiyo itakuwa pepa feki nyingine unamuuzia. Mwonyeshe lile daftari na zile alama tisa, hata kama hakwenda sekondari ataelewa, mtu anayejua kitumbua kimoja kinabakiza faida gani anaelewa alama tisa. Na tuisheni usimwombe tena. Mwalimu wako yupo pale shuleni saa tisa alasiri, hajakudai kitu.

Jina la Laki Mbili litaisha lenyewe, waache waite. Ila karatasi umesema ziko chini ya godoro, na mama yako nina hakika hageuzi godoro kwa ratiba yako. Zitoe leo.